Daraja Lililomo Ndani ya Mwili

Miongoni mwa mambo wanayoulizana watu wa nyumbani siku hizi ni haya maradhi ya sukari. Mzee hupimwa, sukari yake ikaonekana imepanda, kisha daktari akasema kwamba mwili wake bado unatengeneza insulini, pengine kwa wingi kuliko mwili wa mtu mwenye siha. Hapo jamaa hustaajabu. Ikiwa insulini ndiyo dawa ya sukari, na mzee anayo ya kutosha, basi maradhi yametoka wapi? Wako wanaokata shauri kwamba vipimo vimekosewa, wakaviacha vidonge. Wako pia wanaongojea mpaka kidonda cha mguu kikaoza, au macho yakaingia kiwi, au figo zikachoka, ndipo wakarudi hospitali.

Swali lao ni swali la haki, na jawabu lake lipo. Jawabu hilo limo katika mahali padogo mno ndani ya seli, pahala ambapo protini moja huishika nyingine kama daraja linavyoshika kingo mbili. Tumeona mwezi huu tulieleze jambo hili kwa taratibu, ili mwenye mgonjwa nyumbani ajue anapigana na nini, na kijana anayesoma sayansi apate la kuwaeleza wazee wake.

Na tuanze na mjumbe. Chakula tulacho, ukiwa wali, muhogo, mkate au ndizi, husagika tumboni kikawa sukari iitwayo glukosi, nayo huingia katika damu. Kongosho, kiungo kilichojificha nyuma ya tumbo, ikihisi kuwa sukari imepanda hutoa insulini. Insulini ni protini ndogo. Imefanywa kwa asidi amino 51 tu, zilizopangwa katika minyororo miwili, kama alivyobainisha Frederick Sanger wa Uingereza ilipofika mwaka 1955. Kazi yake ni kupeleka habari: kwamba sukari imefika, basi misuli na mafuta yafungue milango, na ini liache kutoa sukari yake.

Ulimwengu uliijua kazi ya mjumbe huyu kwa shida kubwa. Mwaka 1921, katika mji wa Toronto, nchi ya Kanada, Frederick Banting na Charles Best walianza kuitoa insulini katika kongosho za wanyama, katika maabara ya John Macleod, na James Collip akasaidia kuisafisha. Mwezi wa Januari 1922 alidungwa mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson, aliyekuwa amekonda akikaribia kufa. Alipopata dawa iliyosafishwa alipona hali ile, akaishi miaka 13 zaidi. Kabla ya siku hiyo, mtoto aliyepatwa na maradhi haya hakuwa na tamaa ya kuishi muda mrefu.

Hapa tutenge maradhi mawili yaliyoshirikiana jina. Aina ya kwanza, ambayo mara nyingi huwapata watoto na vijana, ni ile ambayo kinga ya mwili yenyewe huziharibu seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Huyu mjumbe wake hayupo, na hana budi kuletewa kwa sindano kila siku. Aina ya pili, ambayo ndiyo ya watu wengi na zaidi huwapata watu wazima, ni ile ambayo mjumbe yupo, amefika, amegonga mlango, lakini habari yake haipokewi ndani. Ni hii aina ya pili inayowastaajabisha watu, na ndiyo tutakayoieleza.

Yapasa ijulikane kwamba insulini haihitaji kuingia ndani ya seli ndipo ifanye kazi. Husimama nje. Katika ukuta wa seli kuna protini iitwayo kipokezi, ambayo sehemu yake moja iko nje na nyingine iko ndani. Kipokezi cha insulini ni pacha: vipande viwili vilivyofungamana. Insulini ikikalia sehemu ya nje, umbo la pacha hawa hubadilika, na zile sehemu zao za ndani zikakaribiana. Hapo kila pacha humtia mwenziwe alama. Alama yenyewe ni fosfati, kijipande kidogo chenye chaji hasi, kinachogandishwa juu ya asidi amino iitwayo tairosini. Kwamba kipokezi cha insulini hutiwa fosfati mara insulini inapokikalia, jambo hilo lilionyeshwa Marekani mwaka 1982.

Ili msomaji alione jambo hili waziwazi, na akumbuke siku alizokaa chuoni na ubao wake. Herufi be, te na the zina mwili mmoja. Kinachozitenga ni nukta. Tia nukta moja chini, ni be. Tia mbili juu, ni te. Tia tatu juu, ni the. Asiyejua nukta hawezi kusoma, wala neno halimfikii. Protini nazo ni maandishi ya namna yake: asidi amino 20 ndizo herufi zake, na fosfati ni nukta iliyotiwa juu ya herufi. Tairosini isiyo na fosfati ni herufi iliyonyamaza. Ikitiwa fosfati huwa ina la kusema.

Lakini nukta haina faida bila msomaji. Basi ni nani asomaye ndani ya seli? Wataalamu walipata dalili mwaka 1986, pale Tony Pawson na wenzake nchini Kanada walipoeleza kipande fulani cha protini ambacho umbo lake lilikuwa likijirudia katika protini mbalimbali. Wakakiita SH2. Baadaye ikabainika kwamba kazi ya kipande hicho ni kuishika tairosini iliyotiwa fosfati, na kuiacha ile isiyotiwa. Pawson aliendelea na uchunguzi huu kwa miaka mingi katika mji ule ule wa Toronto ulioitoa insulini, mpaka alipofariki mwaka 2013. Leo yajulikana kuwa mwili wa binadamu una protini zipatazo 110 zenye kipande cha SH2.

Kipande hicho hushika vipi? Kina vijishimo viwili. Kijishimo cha kwanza ni kirefu, na chini yake imekaa asidi amino iitwayo ajinini, yenye chaji chanya. Fosfati ina chaji hasi. Basi hizo mbili huvutana, na tairosini yenye nukta huzama humo ikatulia. Tairosini isiyo na fosfati haipati cha kuivuta, hivyo haikai. Kijishimo cha pili kazi yake ni kuzichungua herufi zinazofuata, kwani nukta peke yake haitoshi. Lazima ijulikane nukta hiyo imo katika neno gani. Kuna SH2 itakayo kwamba herufi ya tatu baada ya tairosini iwe methionini. Nyingine hutaka herufi ya pili iwe asparajini. Kila msomaji ana neno lake, na asipoliona hupita zake.

Na kuna msomaji wa namna nyingine, aitwaye PTB. Huyu naye huitambua tairosini yenye fosfati, lakini yeye hutazama herufi zilizotangulia, si zinazofuata. Tumewataja wote wawili kwa sababu katika habari ya insulini wote wawili hufanya kazi, mmoja baada ya mwenziwe.

Sasa tumefika darajani. Wenyeji wa Unguja wanajua kuwa pahala tunapopaita Darajani palipata jina lake kwa daraja lililovuka mkono wa bahari uliokuwa ukiutenga Mji Mkongwe na Ng'ambo. Mkono ule wa bahari ulifukiwa, daraja likaondoka, na jina likabaki, pamoja na soko lililojengwa pale mwaka 1904. Faida ya daraja ni moja: kushika ukingo huu na ukingo ule kwa wakati mmoja. Likiachia upande mmoja, watu wa pande zote mbili wamekatika, hata kama soko limejaa bidhaa na wanunuzi wana fedha mkononi.

Ndani ya seli zimo protini ambazo kazi yake ni hiyo hasa. Wataalamu huziita adapta. Sisi tutaziita protini za daraja. Ya insulini inayojulikana zaidi huitwa IRS-1, na umbo lake lilielezwa mwaka 1991. Upande mmoja ina kipande cha PTB, ambacho kwacho hukishika kipokezi kilichokwisha kutiwa nukta. Ikiisha kushika, kipokezi nacho huitia yeye nukta katika tairosini zake, ambazo ni nyingi. Nukta hizi mpya husomwa na SH2 ya protini nyingine iitwayo PI3K, yule msomaji atakaye methionini katika herufi ya tatu. PI3K huja kwenye ukuta wa seli, ikaamka, ikatayarisha alama nyingine katika mafuta ya ukuta huo, na amri ikaenda mbele mpaka kuvifikia vifuko vidogo vilivyomo ndani ya seli ya msuli. Vifuko hivyo vimebeba milango ya sukari, iitwayo GLUT4. Amri ikifika, vifuko hupanda juu, milango ikapachikwa ukutani, na sukari ikaingia kutoka katika damu. Mambo yote haya hutimia kwa dakika chache, kila mara tulapo.

Jambo moja lisisahaulike: daraja hili halikupigiliwa misumari. SH2 hushika kwa nguvu ya wastani, ikaachia, ikashika tena. Na zimo protini nyingine ambazo kazi yake ni kuzifuta nukta, kama mwanafunzi aoshavyo ubao wake ili aandikiwe somo jipya. Amri isiyofutwa ni balaa. Iko saratani ya damu, iitwayo lukemia sugu ya mailoidi, ambayo sababu yake ni protini moja iliyoharibika inayotia nukta mchana na usiku bila kukoma. Protini ya daraja iitwayo GRB2 huzisoma kwa SH2 yake, na seli zikaamrishwa kuzaana bila ya kiasi. Dawa ya imatinibu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001, huizuia protini hiyo isitie nukta, na wagonjwa wengi waliokuwa wakifa kwa maradhi hayo sasa huishi miaka mingi. Basi siha ya mwili yataka mambo mawili pamoja: nukta itiwe inapohitajika, na ifutwe kazi ikiisha.

Turejee kwa mzee wetu mwenye sukari. Kwake yeye insulini imetoka kongoshoni, imefika, imekalia kipokezi. Kasoro iko mbele ya hapo. Sababu ni zaidi ya moja, lakini mojawapo iliyochunguzwa sana ni hii: mafuta yakizidi mwilini, hasa ya tumboni, na yakaanza kurundikana katika ini na misuli ambako si pahala pake, huamsha ndani ya seli protini zinazoitia IRS-1 fosfati katika herufi isiyostahiki, iitwayo serini. Ni nukta iliyowekwa pasipo pake. Aliyewahi kumfundisha mtoto kusoma anajua kuwa nukta moja ikikosea mahali, neno zima huharibika. Daraja likiwa na nukta za namna hiyo hushika vibaya au halishiki kabisa, na amri haifiki kwenye milango. Mjumbe anagonga, ndani kimya.

Kongosho, ikiona sukari haishuki, huongeza wajumbe. Ndiyo maana katika miaka ya mwanzo ya maradhi haya insulini huwa nyingi na sukari pia huwa nyingi, na hilo ndilo jawabu la lile swali la watu wa nyumbani. Lakini kongosho hiyo haiwezi kulazimishwa milele. Baada ya miaka seli zake huchoka na kupungua, na mgonjwa huyo huyo akahitaji sindano. Yule aliyeviacha vidonge kwa kuwa anajiona hana maumivu ameiachia kongosho yake mzigo wote peke yake. Sukari iliyopanda kwa kawaida haiumi katika siku zake za mwanzo. Huharibu mishipa myembamba ya macho, ya figo na ya nyayo kimyakimya.

Hapa pana habari njema. Msuli una njia ya pili ya kuifungua milango ya sukari, isiyopita katika daraja la insulini. Msuli unapofanya kazi, kujikunja na kujinyoosha, vifuko vyake vya GLUT4 hupanda juu kwa amri ya kazi yenyewe. Na baada ya kazi kwisha, kwa muda wa siku moja hivi, msuli huisikia insulini vizuri zaidi kuliko kabla. Basi daktari anapomwambia mama yetu atembee nusu saa kila siku, hamwambii neno la kupitisha wakati. Anamwonyesha njia nyingine ya kuingia mjini wakati daraja lina kasoro. Na kupunguza uzito, hata kwa kiasi kidogo, huondoa mafuta yale yanayoharibu nukta, na daraja likaanza kushika tena. Kidonge cha metfomini nacho husaidia, hasa kwa kulizuia ini lisimwage sukari katika damu.

Kwa hayo tuliyoyaeleza, tungependa kuwausia wenye nyumba mambo manne.

La kwanza ni juu ya watoto. Mtoto akiwa na kiu isiyokatika, akienda haja ndogo mara kwa mara, akakonda ilhali anakula, apelekwe hospitali akapimwe sukari siku hiyo hiyo. Akianza kutapika na kuvuta pumzi kwa nguvu, hiyo ni hatari ya roho. Na akiisha kuanzishwa sindano, asikatiziwe hata siku moja kwa kusikia kwamba iko dawa ya kienyeji ya kumponya. Mtoto huyu hana mjumbe. Kumnyima sindano ni kumrudisha kwenye hali aliyokuwa nayo Leonard Thompson kabla ya Januari 1922.

La pili ni juu ya maneno yasemwayo mitaani, kwamba sindano ya insulini ni ya mtu aliyekwisha. Maneno hayo hayana msingi. Sindano humpa mtu kile kilichopungua, na wako wanaoitumia miaka mingi wakafanya kazi na kulea. Dawa yenyewe isiwekwe juani wala isigandishwe kwa barafu. Nyumba isiyo na friji yaweza kuihifadhi kwa baridi ya mtungi wa udongo, dawa ikiwa imefungwa isiingie maji.

La tatu ni juu ya mitishamba. Wako wanaotumia uwatu au habasoda. Atumiaye na amwambie daktari wake, kwani uwatu waweza kushusha sukari, na ukichanganyika na dawa ya hospitali sukari ikashuka kupita kiasi. Kuacha dawa aliyoandikiwa kwa ajili ya mitishamba, hilo hatulishauri kabisa.

La nne ni juu ya mwezi wa Ramadhani. Sheria imemruhusu mgonjwa kula na kulipa siku nyingine, au kulisha maskini kwa yule asiyetarajia kuweza. Ruhusa hiyo haikuwekwa ili watu waione haya. Mwenye sukari na aende kwa daktari wake mwezi mmoja na nusu au miwili kabla ya mfungo, apangiwe dawa zake au aambiwe asifunge. Anayefunga apime mchana. Wanavyuoni wengi wameeleza kwamba tone la damu la kidoleni halivunji saumu. Sukari ikishuka chini ya 3.9 kwa kipimo cha milimoli, au ikipanda juu ya 16.6, afungue papo hapo, wala asingoje magharibi. Na tutazame meza zetu za futari. Kaimati zilizochovywa shira, tambi za sukari, uji mtamu na maji ya matunda yaliyotiwa sukari, vyote kwa saa moja, ni mzigo kwa daraja lililokwisha kulegea. Mzee atengewe futari yake kwa kiasi, na jamaa wote wale pamoja naye chakula hicho, asijione ametengwa.

Katika mji wetu kliniki ya sukari ipo Hospitali ya Mnazi Mmoja, mwendo wa miguu kutoka Darajani. Mwenye umri wa miaka arubaini na kuzidi, au mwenye mzazi aliyepatwa na maradhi haya, au mama aliyepanda sukari wakati wa mimba, asingoje dalili. Na aende kwa miguu, kwani hata huo mwendo wa kwenda ni sehemu ya dawa.